Siku tatu Carlingford, Ireland: mlima, hori la bahari na ng'ambo nisiyoruhusiwa kuvuka

#1 Mtoto wa Pangani

Wakuu, asalaam aleikum na Bwana asifiwe kwa pamoja.

Kuna watu wanne wamenifuata inboksi kuuliza Ireland kuna nini zaidi ya Dublin na mvua. Nimepiga danadana miezi miwili. Leo sina zamu, chai ipo mezani, naandika.

Niko huku mwaka wa tatu. Nikipata siku tatu za mapumziko zimefuatana huwa sikai ndani, na mwisho wa Mei nilienda Carlingford. Ni kamji ka kale pwani ya mashariki, kaunti ya Louth, karibu nusu ya njia kati ya Dublin na Belfast. Mbele yake hori la bahari, mgongoni mlima. Mtu wa Pangani au Bagamoyo ataelewa nikisema ni mji ambao biashara iliukimbia, ndiyo maana kuta zake zimebaki. Hakuna aliyepata hela ya kuzibomoa ajenge ghorofa.

Usafiri: treni kutoka stesheni ya Connolly, Dublin, saa moja hivi uko Dundalk. Hapa weka alarm kwenye simu. Ukipitiwa na usingizi Dundalk, kituo kinachofuata ni Newry, na Newry ni Ireland ya Kaskazini, yaani Uingereza. Hakuna geti wala mtu wa kukuuliza mlangoni. Lakini siku nyingine maofisa hupanda treni na mabasi ya njia hiyo kukagua hati, na sisi rangi zetu hazijifichi. Nitalirudia hili baadaye maana ndilo lililonikaa kichwani safari nzima.

Kutoka Dundalk kuna basi la kwenda Carlingford, ila ni machache kwa siku. Angalia ratiba kabla, usifanye kama mimi niliyekaa stendi saa moja na nusu nikiwatazama njiwa.

Naendelea na mji wenyewe, msijibu kwanza.

#2 Mla_Mbilimbi

Nimewahi siti ya mbele. Shusha.

#3 Mtoto wa Pangani

Nimesema msijibu.

Haya. Juu ya mwamba karibu na gati kuna magofu ya ngome wanayoiita ya Mfalme John. Aliyeianzisha ni bwana mmoja Mnomani (wale wavamizi waliotokea Ufaransa), Hugh de Lacy, kwenye miaka ya 1190 hivi. Mfalme John wa Uingereza alipita mwaka 1210, akalala siku tatu, ngome ikabeba jina lake mpaka leo. Na mimi nimelala siku tatu, hata benchi hawajaniandikia.

Ndani ya mji kuna lango moja la kale lililosalia, Tholsel. Zamani mwenye bidhaa analipia ushuru hapo ndipo aingie. Baadaye likageuzwa mahabusu. Nilipita chini yake saa mbili asubuhi hakuna mtu, nikaweka kiganja ukutani. Jiwe lina ubaridi kama mtungi wa maji, na lina ukungu wa kijani kwenye maungio unaokatika ukiugusa kwa kucha. Hatua chache mbele kuna jengo wanaliita Mint, la kupigia sarafu. Mwaka 1467 mji ulipewa kibali cha kupiga sarafu zake, na hakuna ushahidi kwamba hata moja ilipigwa pale ndani. Kibali kipo, utekelezaji hakuna. Nilijisikia nyumbani.

Kuna pia magofu ya watawa Wadominiko, ya mwaka 1305, nyasi zimejaa hadi altareni. Nilikaa pale nikala mkate. Mtoto mmoja maarufu wa mji huu ni Thomas D'Arcy McGee, kazaliwa Carlingford mwaka 1825, akaishia kuwa mmoja wa waasisi wa shirikisho la Kanada, akapigwa risasi Ottawa mwaka 1868.

Sasa mnaweza kujibu, mimi natafuta picha za mlimani.

#4 Dada wa Ruaka

Sasa mwenye uzi. Mimi niko Nairobi, nilikuwa na mpango wa Ufaransa na Italia mwakani. Visa ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, si itanifikisha Ireland pia? Nipitie tu siku mbili.

#5 Mtoto wa Pangani

Hapana dada. Ireland iko Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen. Ina visa yake, unajaza fomu mtandaoni kisha unapeleka vielelezo. Mara ya mwisho kuangalia ada ilikuwa yuro 60 kwa kuingia mara moja na yuro 100 kwa kuingia mara nyingi, hakikisha mwenyewe kabla hujalipa. Na visa ya Ireland haikuvushi kwenda Kaskazini. Kule unahitaji ya Uingereza. Ukiwa na ya kuingia mara moja, ukitoka umetoka. Hakuna "nilienda tu kununua soda ng'ambo".

Hata mimi mwenye kadi ya ukaazi ya Ireland siruhusiwi. Wenyeji wa Carlingford wanavuka kujaza mafuta na kurudi, wakikusimulia wanaona ni kama kutoka Tanga mjini kwenda Muheza.

#6 Bwana Tanuru

Mlima una urefu gani? Mimi nimepanda Meru, naomba unipe kitu cha kunitisha.

#7 Mtoto wa Pangani

Unaitwa Slieve Foye, mita 589. Ndiyo, 589. Kilimanjaro ni 5,895, huu wamesahau tarakimu ya mwisho. Najua mnacheka, na mimi nilicheka, nikapanda na raba.

Njia inaanzia nyuma ya nyumba za watu. Unapandisha kichochoro, lami inaisha, unafungua geti la kondoo (ulifunge!), halafu ni nyasi na mwamba. Mlima huu ni mabaki ya volkano iliyozimika, ya miaka milioni 60 hivi, mawe yake meusi, ya kukwaruza, yanashika kiatu vizuri yakiwa makavu. Kati ya mawe na mawe kuna tope la mboji. Kwa macho ni nyasi nzuri ya kijani. Nilikanyaga, mguu ukazama hadi gotini kwa sauti kama mtu anamung'unya embe, nikavuta, mguu ukatoka peke yake. Raba imebaki chini. Nikalala kifudifudi nikaingiza mkono mpaka begani kuitafuta, huku kondoo mmoja amesimama mita tatu ananitazama anatafuna.

Nikaipata. Nikaendelea kwa ubishi.

Nilipofika tandiko la mlima, pale njia inapogawanyika, ukungu ukashuka kutoka baharini. Haukuchukua hata dakika kumi. Nilikuwa naona hori lote, naona milima ya Mourne upande wa pili, mara naona mikono yangu tu. Sikuwa na ramani ya karatasi, na simu ilikuwa na asilimia 14. Nilikaa chini ya jiwe dakika arobaini, makalio yameloa, nikisoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Mama mmoja na binti yake wakatokea, wana ramani, dira, mabuti na chupa ya chai. Wakanipa chai. Hawakunicheka mbele yangu. Tukapanda wote hadi nguzo ya zege ya kileleni, ukungu ukafunguka kidogo kama pazia limevutwa pembeni, nikaona Slieve Donard kule ng'ambo, mita 850 hivi, mrefu kuliko yote Ireland ya Kaskazini.

Kwa hiyo Bwana Tanuru, wa kukutisha si urefu.

#8 Bwana Tanuru

Nimetishika na asilimia 14.

#9 Kisura wa Ngamiani

Pole shem. Swali la maana: ulikula nini? Na kwa sisi tusiokula kila kitu?

#10 Mtoto wa Pangani

Bahari ipo, hutalala njaa. Kuna supu nzito ya samaki na maziwa wanaila na mkate wa kahawia wa magadi. Tamu, ila uliza kwanza, maana wengine hutia mvinyo mweupe na wengine vipande vya nguruwe. Niliuliza sehemu tatu, zote walinijibu bila kukunja uso, ya tatu ndiyo nilikula.

Lakini jina la Carlingford limebebwa na chaza. Wanafugwa humo humo horini, kwenye mifuko ya wavu iliyolazwa juu ya vichanja vya chuma. Maji yakijaa huoni kitu. Maji yakipwa vichanja vinatokea safu kwa safu, na watu wanaingia na trekta hadi katikati ya matope kuigeuza mifuko. Aliyewahi kuwaona akina mama wa mwani kule Paje maji yakitoka, picha ni ile ile, weka trekta na koti la mvua. Mwezi wa nane huwa na tamasha la chaza, vyumba vinajaa.

Nilimla mmoja, mbichi. Jamaa kaweka kisu kifupi kwenye bawaba ya gamba, kazungusha kiganja, tak, kakata mshipa wa chini, kakamua ndimu. Nikameza nikiwa nimefumba macho. Ni kama kupigwa na wimbi mdomoni halafu wimbi likakuachia utamu. Wa pili sikuomba.

#11 Baharia Mstaafu

Kijana umeandika vizuri, niongeze la historia. Jina lenyewe Carlingford ni la Wavikingi, hawakuwa Waairishi. Hiyo "ford" ya mwisho ni hori la bahari, kama yale ya Norwe. Na ukiwa Omeath, kijiji cha jirani, ukatazama juu ya hori unaona mnara wa Narrow Water. Tarehe 27 Agosti 1979 askari 18 wa Uingereza waliuawa hapo kwa mabomu mawili ya IRA, kundi la silaha lililopinga utawala wa Uingereza. Wakati huo mpaka ulikuwa na vizuizi na wanajeshi. Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa 1998 ndio ulioondoa mambo hayo, leo mtu anavuka anapiga mluzi. Walianza kujenga daraja hapo hapo Narrow Water mwaka 2024.

#12 Mtoto wa Pangani

Shikamoo mzee. Umenipeleka moja kwa moja kwenye siku ya pili.

Kuna njia ya baiskeli na miguu, Carlingford hadi Omeath, kilometa 7, kando ya maji mwanzo mwisho. Zamani ilikuwa reli, ilifungwa mwisho wa 1951. Tambarare kabisa, hata Kisura anaweza. Nilikodi baiskeli asubuhi, kulia bahari, kushoto mlima ulionidhalilisha jana, umevaa kofia ya wingu unajifanya haunijui.

Nikafika Omeath. Ng'ambo ni mji wa Warrenpoint, upande wa Kaskazini, hori limebana, naona magari yanavyopaki. Simu ikaita. Ujumbe: karibu Uingereza, bei za kupiga ni hizi. Mimi nimesimama Ireland, miguu yote miwili, mnara wa simu wa ng'ambo umenivuta. Nikazima haraka.

Nikasogea mbele kidogo kwa barabara ya Newry, kwa udadisi tu. Wenyeji walishaniambia alama ya mpaka ni vibao: huku kasi ni kwa kilometa, kule ni kwa maili. Niliposhuku kwamba kibao cha mbele ni cha maili niligeuza baiskeli. Kuna mzee alikuwa anapalilia bustani yake, akaniuliza mbona narudi, mbele kuna duka zuri la aiskrimu. Nikamwambia kadi yangu inaishia hapa. Akasimama na jembe lake dogo, akatazama barabara, akanitazama, akasema kaishi pale miaka sabini na mara nyingine yeye mwenyewe husahau ni wapi panapobadilika. Akaingia ndani akaniletea aiskrimu ya kwake.

#13 Mura wa Sirari

Kaka sisi wa mpakani tunakuelewa. Sirari na Isebania watu wanavuka kwenda kunywa chai. Sasa naomba kuuliza, kuna mtu aliniambia huko Ireland kuna hadithi yao kubwa ya kuibiana ng'ombe, ni kweli au alikuwa ananidhihaki kabila?

#14 Mtoto wa Pangani

Ni kweli, na imetokea Cooley, rasi hiyo hiyo ilipo Carlingford! Wanaiita Táin Bó Cúailnge, maana yake uvamizi wa ng'ombe wa Cooley. Kwa kifupi: Malkia Medb wa Connacht, magharibi ya Ireland, na mumewe Ailill wamelala kitandani wanabishana nani ana mali zaidi. Wanahesabu vyombo, pete, kondoo, farasi, ngoma droo. Mume anazidi kwa fahali mmoja wa pembe nyeupe. Medb akasikia Cooley kuna fahali wa kahawia, Donn Cúailnge, akatuma wajumbe kumwazima mwaka mmoja kwa malipo mazuri. Mwenye fahali akakubali, karamu ikaliwa. Wajumbe wakalewa, mmoja akaropoka kwamba hata angekataa tungemchukua kwa nguvu. Dili likafa. Medb akaja na jeshi. Wanaume wa Ulster, jimbo la kaskazini lenye Cooley, wote walikuwa wameangushwa na laana ya uchungu wa uzazi (ndiyo, wanaume), aliyesimama kuzuia jeshi ni kijana mmoja, Cú Chulainn, akipigana nao mmoja mmoja kwenye vivuko vya mito. Mwisho mafahali wawili wakapigana wenyewe, wa kahawia akamuua wa pembe nyeupe, naye akarudi kwao akafa.

Kuna njia ya miguu ya kilometa 40 inayozunguka rasi, inaitwa Táin Way, inaanzia na kuishia Carlingford. Watu huigawa siku mbili.

#15 Mura wa Sirari

Ulevi wa wajumbe! Hii hadithi ni yetu kabisa, wametuibia na yenyewe.

#16 Mzee wa Singida

Nimepita kimya, naona nichangie. Nimezaliwa hospitali ya Makiungu, Singida. Masista waliokuwa pale walikuwa Waairishi wa shirika la Medical Missionaries of Mary, lililoanzishwa na Mama Mary Martin mwaka 1937. Nyumba yao kuu ni Drogheda, kaunti hiyo hiyo ya Louth. Treni yako imepita hapo, kwenye lile daraja refu juu ya mto Boyne. Mama yangu mpaka anafariki alikuwa anasema "sista wa Drogheda" kama vile ni kijiji cha jirani.

#17 Mtoto wa Pangani

Mzee, nimelipita lile daraja zaidi ya mara ishirini, huwa nasinzia. Safari ijayo nitashuka.

#18 Dada wa Ruaka

Na usiku mji unafanya nini? Usiniambie mlilala saa mbili.

#19 Mtoto wa Pangani

Mwisho wa Mei jua linazama saa nne kasoro usiku, utalala vipi? Ukiwa unaswali jipange, isha inakuja kichwa kikiwa kimeshaanguka.

Muziki wa kienyeji uko baa. Mimi kilevi situmii, nilikaa na soda ya tangawizi hakuna aliyeniuliza. Hakuna jukwaa. Wapigaji wanakaa kuzunguka meza kama watu wa bao: fidla mbili, filimbi ya bati, kodiani ndogo, na bodhrán, ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi, anaishika wima gotini, mkono mmoja ndani unakaza ngozi, mwingine unapiga kwa kijiti chenye vichwa viwili. Mmoja anaanza, wengine wanaudaka wimbo, unazunguka mara tatu, unabadilika bila mtu kusema kitu. Usiwaingilie meza yao na usiwasogezee simu puani. Nilipomwambia wa bodhrán kwamba kwetu ngozi tunaikausha kwa moto kabla ya kupiga, alicheka, akaniambia yeye anailowesha kidogo kwa maji, hewa ya ndani ikiwa kavu ngozi inakaza kupita kiasi.

#20 Mla_Mbilimbi

Na kayaki je, hukwenda?

#21 Mtoto wa Pangani

Nilienda. Mji una kituo cha michezo ya nje: kayaki, mashua za matanga, kupanda ukuta, kuruka gatini. Wanakuvalisha suti ya mpira inayobana kama umezaliwa upya. Mimi mtoto wa Pangani nikajisemea bahari naijua. Maji yalikuwa nyuzi 11 hivi. Nilipoangukia ndani pumzi ilikatika, nikasahau kuogelea kwa lugha zote. Sina la kuongeza.

Vya mwisho mwisho, maana mnauliza inboksi: soketi ni za pini tatu bapa kama zetu, usinunue adapta. Wanaendesha kushoto kama sisi. Mabuti ya mlimani si anasa. Na mkirudi, kabla ya Dundalk, pitieni Proleek: jiwe linalokadiriwa tani 40 limeinjikwa juu ya mawe matatu, mafiga kabisa, kaburi la maelfu ya miaka, leo liko pembeni ya uwanja wa gofu. Wanasema ukirusha vijiwe juu yake kikabaki kimoja, unafunga ndoa kabla mwaka haujaisha. Nilirusha vitatu. Cha tatu kilibaki.

#22 Kisura wa Ngamiani

Shem, dada anasoma huu uzi kupitia simu yangu. Anauliza ndoa ya mwaka huu ni na nani.

#23 Mla_Mbilimbi

Nimerudi siti ya mbele.

#24 Mtoto wa Pangani

Zamu imeanza, nitarudi baadaye.